Mwito wa Tatu

Benchi la Athumani muuza kahawa lilikaa pale njia ya Gare inapoachana na kijia cha mtoni. Ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijijini, na ukungu ulishuka saa tisa alasiri bila kuomba ruhusa ya kikao. Zahoro alikaa mgongo kaupa mto. Katika milima hii mtoto hufundishwa mapema: ukiitwa kwenye ukungu, usiitike mpaka mara ya tatu, maana mzimu huita mara mbili tu. Siku Kibibi, mkewe, alipoteleza mtoni, aliita mara mbili. Zahoro akasimama na jembe lake, akangoja ya tatu. Haikuja; maji yakamchukua Kibibi.

— Jana nimemsikia tena, alisema. Mara mbili, halafu kimya. Jamani, nimerukwa na akili?

Danieli, aliyeitwa Hadubini kwa kuosha vyupa vya maabara miaka kumi na mmoja, akaweka kikombe chini.

— Hujarukwa. Hizo ni poliamini.

— Mdudu gani tena huyo?

— Si mdudu. Ni kitu cha mwilini, kila mtu anacho. Sikia. Chembe za ubongo hazigusani. Moja ikitaka kumpa jirani neno, inamwaga kemikali kwenye upenyo ulio kati yao, kisha inaifyonza irudi. Bwana wangu wa maabara alijaribu kwenye ubongo wa panya: poliamini zikizidi, ufyonzaji unazorota. Neno linabaki upenyoni, linaning'inia, nawe unaendelea kulisikia.

— Zinatoka wapi?

— Tunazaliwa nazo. Jibini la misheni likikaa linazo. Na maiti ikioza zinazidi, ile harufu ndizo zenyewe.

Athumani akafunika birika lake taratibu.

— Kumbe nanuka maiti kichwani, na mzima hivi! Zahoro alisema.

— Kidogo tu. Sote.

Sheshe, aliyeitwa Kamati kwa kupenda vikao, akajipiga kofi gotini.

— Chembe zake hazijahamia kijijini, ndiyo shida! Zimekaa mbalimbali mno. Zipangwe nyumba kumi kumi, balozi akusanye maneno yote jioni.

— Wapi! Athumani alidakia. Mie naona kichwa chake hakina kosa. Neno la Kibibi ndilo halijafyonzwa. Limebaki upenyoni mwa milima, kule ukunguni.

Zahoro aligeuka, akatazama upande wa mto.

— Acha hizo, Hadubini alifoka. Kitu kimo ndani ya fuvu lake. Mwingine hawezi kukisikia.

Mwalimu Yunis, mgeni wa siku mbili kutoka Tanga, akatokeza kwenye kijia cha mtoni, kanga imelowa.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwalimu.

— Zahoro ni nani hapa? Kuna mama anamwita kule mtoni. Mbona haitikiwi?

Hadubini akachungulia machicha ya kahawa yake kana kwamba jibu limo.

— Ameita mara ngapi? Zahoro aliuliza.

— Nikiwa darajani, mara mbili.

Mwalimu akageuza sikio.

— Na hii ya tatu.

Zahoro akasimama. Kahawa ilimwagika miguuni, hakuhisi.

— Naam, Kibibi, aliitika, machozi yakimtoka. Nakuja.

Akashika kijia. Hakuna aliyethubutu kumshika mkono.