Sista Jecinta Apanda Ngazi Zake

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Sista Jecinta Wanja anastaafu rasmi leo, Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025. Thelathini na mmoja, jamani! Humu Zahanati ya Kisimani wamo wafanyakazi ambao Sista aliwapima uzani wakiwa wachanga, na huwakumbusha jambo hilo mbele za watu kila wanapochelewa kazini.

Alianza kama muuguzi wa kliniki ya watoto, kisha akasomea lishe na kupewa chumba chake mwenyewe, ghorofa ya tatu. Wenyeji wa mtaa wetu wa Umoja wanajua kwamba jengo letu ni la kupanga, na kwamba lifti tuliyoahidiwa na mwenye nyumba bado iko njiani inakuja. Sisi wengine tulinung'unika. Sista alizitazama zile ngazi akaona kifaa cha kazi.

Mtindo wake ni huu. Mgonjwa akija analalamikia uchovu, Sista humshukia hadi chini, wakaanza kupanda pamoja polepole, na njiani humwomba asimulie alivyopika chakula cha jana, tangu kuwasha jiko hadi kupakua. Mwenye pumzi zake hufika juu akiwa anapakua. Asiye nazo hukwama vitunguu vikiwa bado vibichi, na hapo Sista humketisha na kumwita daktari. Meza yangu ya mapokezi iko chini ya ngazi hizo, kwa hiyo najua mapishi ya nusu ya mitaa ya Eastlands na sijaalikwa hata mara moja.

Hivyo ndivyo alivyomgundua Bi. Muhiba, mke wa Mzee Ubaid Kombo mwenye duka lililo chini ya jengo letu. Majirani walikuwa wameshatoa hukumu: huyu ni mvivu, na wengine wakasema kapigwa jicho. Alikuwa akinenepa na chakula hali, akivaa sweta Januari jua likiwaka, akihema kwa kutandika kitanda tu. Siku hiyo alianza kusimulia maharagwe ya nazi. Ghorofa ya kwanza, nazi haijakunwa, akashika ukuta.

Daktari Nzivo, mkuu wa zahanati, alipima damu. Tezi ya thairoidi, ile ya shingoni inayouendesha mwili, ilikuwa imelegea kazini. Juu ya hayo, madini ya chuma na vitamini D vilikuwa chini. Daktari akatoa vidonge, Sista akatoa somo: kidonge cha tezi humezwa asubuhi, tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu. Chai ya maziwa isubiri saa nzima. Kidonge cha chuma kikae mbali hadi alasiri, maana viwili hivyo vikikutana tumboni, cha tezi hakiingii mwilini sawasawa. Na sahani isikose mboga ya terere, ndengu, dagaa wa omena, na maini mfuko ukiruhusu. Baada ya miezi kadhaa Bi. Muhiba alifika ghorofa ya tatu akiwa amemaliza maharagwe na kuongeza mahamri.

Somo hilohilo Sista amelipeleka kwa vibarua wa mtaa wa Mukuru kwa Reuben na kwa akina mama wanaouza mboga sokoni Muthurwa, akibeba sufuria yake mwenyewe. Vijana wa mtaani humwita kwa mbali, niaje Sista, naye huwajibu kwa kuwauliza wamekula nini. Huwa wanapotea haraka sana.

Sasa tuseme na mengine, maana wasifu wa sifa tupu ni uji usio na sukari. Miaka miwili iliyopita Sista alianza kusimama pale ngazi zinapopinda, akijifanya anasoma bango la kunawa mikono. Bango hilo alilibandika yeye. Daktari Nzivo akampima: tezi imelegea, chuma kimeshuka. Akapewa vidonge. Miezi ikapita, pumzi ni zilezile. Dozi ikaongezwa, na bango likaendelea kusomwa. Hatimaye Daktari, kwa huruma, akamshauri astaafu mapema kwa sababu za kiafya. Lo, siku ile! Sista alisema aliingia kazini kwa miguu yake na atatoka kwa miguu yake, tena kutoka ghorofa ya tatu. Kisha akajifungia chooni akalia. Sote tulisikia, na sote tukajifanya tuna kazi nyingi.

Kesho yake alipitia dukani kwa Mzee Ubaid kama kila asubuhi. Mzee ana desturi yake: hakuna mtu wa zahanati atakayepita mlango wake bila kikombe cha chai ya maziwa yenye tangawizi na iliki, na kumkatalia ni kumvunjia heshima. Sista akapokea kikombe, akatoa vidonge vyake viwili, cha tezi na cha chuma, akaviteremsha pamoja kwa ile chai. Bi. Muhiba alikuwa akipanga mikate, akaona.

Subhanallah! Ukelele aliopiga ulinifikia mapokezi nikadhani ni mwizi. Nilipotoka mbio nilimkuta amenyoosha kidole, akimsomea Sista somo lake lote, neno kwa neno, na kumuuliza ni nani basi aliyemfundisha yeye habari za maji matupu. Sista akakirudisha kikombe mezani taratibu. Kinyozi hajinyoi. Baadaye alikiri kwamba somo hakulisahau, alishindwa tu kumkatalia Mzee chai. Kwa adabu hiyo alikaribia kupoteza kazi anayoipenda kuliko usingizi.

Aliyeumia zaidi alikuwa Mzee Ubaid. Tangu siku ile humngoja Sista mlangoni na glasi ya maji, na chai humpandishia mwenyewe baadaye, hadi ghorofa ya tatu, akihema kwa sababu zake. Sista tayari amemwambia akapimwe. Ama Sista mwenyewe, tezi na damu vilianza kupanda taratibu, na asubuhi moja nikamsikia akilipita lile bango bila kulisoma. Nilifurahi nikamwaga wino mezani.

Kamati ya sherehe ilipendekeza hafla ifanyike uani, eti asichoke. Aliyetoa wazo hilo bado hajasamehewa. Hafla iko juu. Kwa hiyo, ndugu mgeni unayesoma karatasi hii ukiwa umekaa ghorofa ya tatu, mlango wa chini ukifunguliwa usishuke kumpokea, wala usimshike mkono. Nyamaza usikilize. Nimemwomba atusimulie mukimo, kuanzia kumenya viazi, na yeye si mtu wa kuacha jambo katikati.

Asante, Sista, kwa kila aliyeitwa mvivu nawe ukamwita mgonjwa, ukamtibu. Mungu akupe miaka mingi ya kupumzika, na pumzi za kuitosha. Sahani tumeshazishika. Panda, utupakulie.

Imeandikwa na Kadar, Mapokezi