Fomu ya Kiwanja Kitupu

Mniwie radhi mapema. Kisa hiki kitasimuliwa vibaya: kitacheka pasipochekesha, na kikifika mwisho mtatamani mngekuwa mmeshakwenda zenu. Kijiwe chenyewe ni benchi la mbao mbili juu ya matofali, mlangoni kwa kinyozi, likitazamana na uzio wa mabati. Nyuma ya mabati ndiko kulikokuwa na mtaa. Nyumba arobaini zilibomolewa ndani ya wiki mbili, vifusi vikazolewa, ardhi ikasawazishwa ikawa kama meza iliyofutwa. Ujenzi mpya bado. Wakati ukisubiriwa, ofisi ya mipango ilisambaza fomu, wananchi waseme kiwanja kitumikeje kwa muda. Visanduku vinne: maegesho, bustani, mabanda ya biashara, uwanja wa mpira. Weka tiki.

Asubuhi hiyo Kipaza alikuwa na fomu gotini na kikombe mkononi. Tangu ujanani aliigiza vichekesho majukwaani, na sasa, umri ukiwa umepita hamsini, watu watatu walimtosha kuwa ukumbi. Kulia kwake alikaa Lango, mlinzi mstaafu, mtu asiyeamini chochote kinachotolewa bure. Kushoto alikaa Dobi, ambaye chumba chake cha kupigia pasi na kitanda cha mama yake vilikuwa pale pale nyuma ya mabati. Yeye peke yake hakuchukua fomu.

Kinyozi, akiongea kutoka mlangoni na mashine inanguruma, alitaka maegesho, kwa hoja kwamba kila gari lina kichwa ndani na kila kichwa kina nywele. Lango akamwambia aache utoto. Fomu ile ni mtego. Wanataka kujua nani anajua kusoma, ili ahamishwe wa kwanza awamu ijayo. Kinyozi akasema basi yeye yuko salama. Lango hakucheka. Alishikilia kwamba chini ya kiwanja kuna kitu, la sivyo mitambo isingechimba futi tano kwenye nyumba zilizokaa juu juu tu, na hiyo bustani wanayoitaja ni kifuniko.

Kipaza akaona zamu yake imefika. Alisimama, maana utani wa kukaa haufiki mbali.

— Wamesahau kisanduku cha tano. Makaburi ya muda. Unazikwa, miezi sita baadaye unaletewa notisi, unafukuliwa, unahamishiwa nje ya mji. Kama tulivyofanyiwa tukiwa hai.

Kinyozi alicheka mpaka akazima mashine, akamwacha mteja na nusu ya nywele. Kipaza hakumtazama yeye. Mchekeshaji humtazama asiyecheka, na Dobi alikuwa anatazama barabarani, ambako dada yake alikuwa anakuja, mkoba kwapani, hatua za mtu aliyekesha.

Dada huyo hakuwa amewahi kufika kijiweni hapo. Tangu siku ya bomoabomoa alikuwa anamuuguza mama yao sebuleni kwa shemeji yao, kitanda kimebanwa kati ya friji na mlango. Alimpa Lango shikamoo, akawasalimu wengine, akakataa kahawa, akabaki amesimama.

— Kaka, shemeji anataka sebule yake. Imebaki kwa dada mkubwa tu, na unajua kulivyo mbali. Daktari anasema mama akifika huko, tusitegemee kumrudisha. Mwenyewe hataki kwenda. Anasema anasubiri nyumba yake, mliahidiwa mtarudi.

— Tuliahidiwa, Dobi akasema.

— Ikiwa ni miezi, nitampigia shemeji magoti. Ikiwa ni miaka, nianze kufunga vitu vyake. Kwa hiyo niambieni kitu kimoja tu. Hiyo ya muda, ni mpaka lini?

Wanaume watatu waliokuwa wamekipangia kile kiwanja kila kitu, hadi makaburi, hawakuwa wamekipangia tarehe. Kinyozi alipuliza nywele kwenye mashine. Lango aligeuza fomu, akakuta nyuma kumechapwa muhtasari wa mkutano wa mwezi uliopita kwa herufi ndogo. Huo mkutano yeye aliususia. Kinyozi alikuwa na wateja. Dobi alikuwa hospitalini na mama yake. Lango aliisogeza karatasi mbali na macho, akasoma polepole.

— "Kuhusu kipindi cha matumizi ya muda: mkazi mmoja alipendekeza miaka ishirini, akieleza kuwa wananchi hawana haraka. Pendekezo lilipitishwa kwa makofi."

Kipaza aliweka kikombe chini. Aliliona tena darasa ulimofanyikia mkutano ule, viti vya plastiki, joto, afisa akiuliza kipindi kiwe cha muda gani, mara ya kwanza, mara ya pili, na hakuna aliyenyoosha mkono. Yeye havumilii ukumbi ulionyamaza. Alikuwa amesimama kabla hajajua atatania nini.

— Mkazi gani huyo? Lango aliuliza. Huyo mtu hana mama?

Dada wa Dobi alikuwa ameshaufunga mkoba wake. Kipaza aliketi, na kwa mara ya kwanza pale kijiweni ilibidi wainame ndipo wamsikie.

— Ni mimi, dada. Miaka thelathini ya jukwaani, na sikuwahi kupigiwa makofi kama ya siku ile.