Fundi wa Kiatu cha Upande Mmoja

Baba yetu, tunayemzika leo, alizaliwa tarehe 4 Machi 1949, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkunga.

Alifaulu shule ya msingi akaingia sekondari. Juni 1967, akiwa kidato cha pili, lori la jeshi lilisimama nje ya darasa katikati ya mtihani wa hesabu. Walichukuliwa wavulana kumi na mmoja. Walirudi watatu, na Baba alirudi na kipande cha chuma kifuani.

Mwaka 1971 alikwenda kuwapa pole wazazi wa rafiki yake aliyefia mikononi mwake vitani. Mama mzazi akauliza, "Aliumia sana?"

"Hapana, Mama. Alilala tu."

Binti wa nyumba ile akamfuata hadi njiani. "Umedanganya."

"Nimedanganya."

"Basi usije ukamwambia ukweli."

Walifunga ndoa tarehe 12 Agosti 1973. Huyo ndiye Mama yetu.

Kwa miaka arobaini na mitano Baba alikuwa fundi viatu. Wenzake wa vitani waliopoteza mguu aliwashonea kiatu kimoja kimoja. Wawili kati yao, mmoja aliyebaki na mguu wa kulia na mwenzake wa kushoto, waligawana jozi moja, na kila mara waligombania rangi. Baba alikuwa akicheka mpaka machozi yanamtoka.

Kila mwaka, siku ya kuwakumbuka wapiganaji, gari la jeshi lilimfuata nyumbani, akaketishwa juani apigwe picha. Mwaka juzi mgeni rasmi alimpa kipaza sauti awahimize vijana. Baba akasema, "Wenzangu walikufa wakiwaita mama zao. Wanangu, msikubali." Kipaza sauti kikazimwa. Alirudi nyumbani kwa miguu.

Januari mwaka huu chuma kile kilianza kumtoboa pafu. Katika hospitali ya jeshi karani alituambia, "Jina la mzee halimo kwenye orodha ya wapiganaji."

Mama akamuuliza, "Na lile gari la kila mwaka, lilikuwa likimpataje?"

Karani akafunga dirisha. Tulirudi mara nne. Baba alifariki Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, kwenye benchi la hospitali hiyo, ameegemea bega la Mama. Jana zililetwa rambirambi kutoka jeshini zinazomwita shujaa. Hatutazisoma.

Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu saba. Wajukuu wanne wamefikia umri aliokuwa nao yeye alipochukuliwa. Ni hawa waliobeba jeneza. Watazameni vizuri. Hawa hatuwatoi, aje nani, aseme nini.

Pumzika, Baba. Sisi hatutanyamaza.