Fundi Bomba Aliyehesabu Matundu: Maisha ya Nemoto Shigenobu

Ndugu waombolezaji, leo ni Ijumaa, tarehe 19 Januari 2024, saa nne na dakika kumi asubuhi, hapa Iwaki theluji nyepesi inadondoka tangu alfajiri na upepo unatoka milimani, na mimi, Nemoto Kiyotaka, mdogo wake marehemu, nimepewa na familia dhamana ya kuwasomea maisha yake kwa mfuatano wake, kazi ambayo yeye mwenyewe angeikagua mstari kwa mstari.

Kaka yangu Shigenobu alizaliwa tarehe 4 Februari 1956 katika kitongoji cha Kamisawa, pwani ya mkoa wa Fukushima, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wawili wa mzee Nemoto Yasuji, mkulima wa mpunga, na mama Haruno. Utotoni, kila mwezi wa Mei, tulikwenda kwenye matuta ya mashamba kuchuma nyasi za chigaya, tukizitafuna zikiwa changa kwa utamu wake, tukarudi nyumbani nyayo zikivuja damu, kwa kuwa nyasi hizo huchipua na ncha kali kama sindano, na mama akatukemea akisema, "Zinatoboa turubai la baba yenu, zitashindwa na nyayo zenu?" Nawaomba mlikumbuke turubai hilo.

Alisoma shule ya msingi na ya kati hapo hapo Kamisawa kuanzia Aprili 1962 hadi Machi 1971, kisha akajiunga na shule ya sekondari ya ufundi, alikohitimu Machi 1974 katika fani ya mitambo, na tarehe 1 Aprili mwaka huo huo akaajiriwa na kampuni ndogo ya mafundi bomba iliyokuwa na kandarasi katika kituo cha umeme wa nyuklia cha pwani yetu, akafunga na kufungua koki za kituo hicho kwa miaka thelathini na saba.

Tarehe 3 Novemba 1982 alifunga ndoa na shemeji yetu Fusae, binti wa mzee Sakuma Eikichi, muuza samaki wa bandarini, na ndoa hiyo ikajaliwa watoto wawili, Mizuho, aliyezaliwa tarehe 19 Juni 1984, na Takuma, aliyezaliwa tarehe 2 Oktoba 1988. Kila Jumapili familia hiyo ilikula kwa mzee Eikichi, ambaye alikuwa akimkatia mkwe wake samaki bapa kabla ya kuwakatia wanawe, huku akimtania kwamba mtu wa mabomba hawezi kuaminiwa kushika kisu.

Tarehe 11 Machi 2011, saa nane na dakika arobaini na sita mchana, ardhi ilitetemeka, bahari ikafuata, vinu vikakosa umeme wa kupoza fueli, fueli ikayeyuka, na familia yetu ikahamishwa pamoja na kitongoji kizima. Tarehe 28 Machi marehemu alirudi kituoni kwa hiari yake, kwa sababu maji yaliyomwagwa juu ya vinu ili kuvipoza yalikuwa yakijaa katika vyumba vya chini yakiwa na mionzi mikali, na yalihitaji watu wanaojua njia za mabomba ili yavutwe, yasafishwe na kurudishwa kupoza tena. Akapewa kikosi cha watu kumi na wawili, na kwa kuwa hapakuwa na muda wa kuunga mabomba ya chuma, walitandika mipira ya plastiki juu ya ardhi, mita 3,840, wakiwa ndani ya suti nyeupe na barakoa za uso mzima, kila mmoja akiharakisha kabla kipimo chake cha mionzi hakijalia.

Tarehe 17 Agosti 2011 maji yalionekana chini ya mipira hiyo. Nyasi za chigaya zilikuwa zimeota kutoka chini zikaitoboa, na sehemu ya maji ilikuwa imeingia katika mtaro unaokwenda baharini. Msimamizi mmoja, kwa kumhurumia, alimwambia, "Nemoto, andika mpira ulikuwa mbovu, yaishe," naye akaandika kwa mkono wake kwamba mipira aliitandika yeye, juu ya nyasi anazozijua tangu utoto, na kwa sentensi hiyo akavuliwa uongozi wa kikosi, akabaki fundi wa kawaida.

Jumapili iliyofuata alikwenda mwenyewe kumweleza mzee Eikichi, ambaye wakati huo alikuwa akilala katika ukumbi wa michezo pamoja na wakimbizi wengine, duka lake limechukuliwa na maji na uvuvi umesimamishwa, na nilikuwapo nikasikia. "Mkwe," alisema mzee, "hizo nyasi umezitafuna ukiwa na kaptula, leo unaniambia ulizisahau? Haya, ni kiasi gani kimefika baharini?" Marehemu akainamisha kichwa akajibu, "Sijui, baba." "Basi usiguse samaki wangu mpaka ujue."

Kaka yangu aliyachukua maneno hayo kama yalivyosemwa. Alitembea urefu wote wa mipira, akapima kila tundu kwa waya na kuliandika katika daftari, yakafika matundu 34, na hadi tarehe 30 Machi 2013 mipira yote ilikuwa imebadilishwa kwa mabomba mazito. Septemba mwaka huo jumla ya mionzi aliyopokea ilikaribia kikomo cha sheria, akatolewa eneo la vinu, akawafundisha vijana hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2016, na somo lake la kwanza siku zote lilikuwa kukagua kilichoota kabla ya kutandika chochote.

Mwaka 2017 mzee Eikichi, ambaye hasira zake zilikuwa zimekwisha zamani, alifungua duka upya na kumpelekea samaki bapa aliyepimwa mionzi, marehemu akamrudisha samaki huyo na karatasi iliyoandikwa, "Baba, bado sijajua." Hali iliendelea hivyo kila mwaka mpya, shemeji Fusae akilalamika, "Wakaidi ni wawili, lakini kikapu nakibeba mimi." Kilichokosekana katika hesabu yake ni karatasi moja ya saa ambazo pampu zilifanya kazi, ya siku tatu za Agosti 2011.

Mei 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, ambayo madaktari hawakuihusisha na kazi yake wala yeye hakuomba ihusishwe. Tarehe 20 Desemba Ndugu Owada Nobuo, aliyekuwa naye kikosini, alimletea hospitalini nakala ya karatasi hiyo, na kwa siku kumi na sita, akipumzika kila baada ya mistari michache, marehemu akakamilisha hesabu, nami nimeihakiki mara mbili: lita 61 zilifika mtaroni.

Tarehe 6 Januari alimwita mzee Eikichi, sasa mwenye miaka tisini, akamsomea. "Ndoo tatu," alisema mzee. "Miaka kumi na miwili unaninyima kukukatia samaki kwa ndoo tatu?" Marehemu akajibu, "Ndoo tatu za maji yale, baba." Mzee akasema, "Sasa umejua. Kesho naleta kisu."

Alifariki Jumapili, tarehe 14 Januari 2024, saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya ghorofa ya nne, majirani tulioishi nao katika nyumba za muda, mafundi wenzake wa zamani, na vijana aliowafundisha, ambao leo wapo kazini kituoni na wametuma maua. Kaka, umemaliza hesabu, lala bila deni.

Mzee Eikichi, aliyeketi hapa mbele, ameniomba kwamba baada ya tarehe zote isikosekane hesabu yake moja, aliyoihesabu kwa vidole kando ya kitanda tarehe 7 Januari, mchana, akimkatia mkwe wake samaki bapa: alikula vipande saba.