Mzee Isogai na Boya la Nyuma ya Gati

Tarehe 31 Machi, Mzee Isogai Tamotsu wa kitengo cha vipimo vya bahari anastaafu, baada ya kukitumikia kinu chetu cha nyuklia miaka thelathini na sita. Katika muda wote huo alikosa kazini siku nne tu, na moja kati ya hizo alikuwa anaoa.

Wengi mnamjua kwa kutapika. Wiki yake ya kwanza alitumwa kuweka boya la kupimia joto kule rasini, mbali na maji ya moto yanayotoka kinuni, ili joto la huko lionyeshe bahari ilivyo kwa kawaida. Mawimbi yakamzidi. Nahodha Urata akamhurumia: "Kijana, utatutapikia hadi utumbo! Tia hapa hapa, bahari ni ile ile." Boya likatiwa nyuma ya gati la mawe. Kisa hicho tumekicheka kila karamu ya mwisho wa mwaka.

Kumbe maji yetu ya moto yalifika hadi pale. Kila Jumatatu Mzee Isogai alilinganisha maji ya moto na maji ya moto, akaandika "tofauti ni ndogo" na kugonga muhuri wake wa jina, ambao kwetu ndio sahihi. Kwa maneno hayo tulipata kibali cha kinu cha pili.

Mwaka juzi alikwenda mwenyewe rasini na kipimajoto cha mkononi. Maji ya kule yalikuwa na ubaridi wa digrii tatu zaidi, na mwani umesitawi msitu mzima. Kwetu miamba ni mitupu. Konokono wa baharini ambao mama mkwe wake aliwazamia maisha yake yote wamekwisha. Alirudi akaniambia, "Nonaka, mwanangu, nimeandika uongo tangu hujazaliwa."

Aliomba mara saba taarifa isahihishwe kabla hajaondoka. Mkuu wa kitengo akamjibu kwa upole, "Mzee wangu, si ustaafu tu na heshima zako?" Taarifa ya mwisho imetoka wiki iliyopita, maneno yale yale. Siku hiyo yeye alikuwa likizo, moja ya zile siku nne, lakini muhuri wake hukaa kwenye droo ya ofisi, kama mihuri yetu sote. Ulionekana umegongwa vizuri, umenyooka.

Inaniuma kuandika haya. Meza yangu iko jirani na yake, na sikumtetea hata mara moja.

Asante kwa yote, Mzee Isogai. Wewe na mkeo, Bi. Fumie, tunawaombea afya na usingizi mzuri. Nafasi yako nimepewa mimi, na nimekubali. Unisamehe.