Ngozi ya Preno

Benchi letu liko mbele ya tanuri la mikate, mjini Roxas, na wakaliaji wa asubuhi ni watatu. Konsehal, aliyegombea udiwani mara mbili akapigwa chini mara mbili. Preno, yaani Breki, dereva wa traisikeli ambayo breki zake ni miguu yake mwenyewe. Na mimi, Digri, mwenye shahada ya baiolojia na miaka minne ya barua za maombi ambazo hajazijibu hata mbwa wa getini. Kazi pekee niliyopata mwaka huu ni ya bure: kuorodhesha watu wa koo zenye lubag, ugonjwa wa kisiwa chetu cha Panay unaompinda mwanamume shingo akiwa bado na nguvu zake. Leo saa tisa alasiri muuguzi wa watafiti anakuja kuwachukua vipande vya ngozi. Preno hataki jina lake liandikwe. Kaka yake, Manong Eliseo, mwaka wa tatu huu hawezi kushika kijiko.

— Wakishaibeba ngozi wanaifanyia nini? Konsehal akauliza, huku anachovya mkate kwenye kahawa.

— Wanairudisha utotoni, nikasema. Inakuwa seli shina, ambayo bado haijachagua kazi. Halafu wanaifundisha kuwa seli ya ubongo.

— Kumbe hata seli inapata kazi. Wewe je?

Nikameza kahawa na tusi pamoja.

— Wanaotesha neva, na wanaotesha glia. Neva ndio mabwana, glia ndio wapishi na wafagiaji wao. Wanataka kujua kama bwana anaumwa mwenyewe au jikoni ndiko kumeoza.

— Haba na haba hujaza kibaba. Leo kipande, kesho wameotesha Preno mzima kwenye kisahani. Ataomba leseni ya traisikeli.

— Bora yeye awe na breki, Preno akasema.

— We cheka tu. Huyo wa kisahani akipiga kura, inahesabiwa ya nani?

— Haiwi mtu, Konsehal. Ni seli tu.

— Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, akajibu, na hakuna aliyemwelewa.

Preno akaweka glasi chini.

— Sikia, Digri. Kisu sikiogopi. Nina miaka thelathini na saba. Eliseo alianza na thelathini na tisa. Hiyo ngozi ikishakuwa ubongo, itajua nisichokijua.

— Usipotaka hawakwambii.

— Ila wao watajua. Nitapishana na muuguzi sokoni, ataniangalia shingo.

Konsehal akachovya mkate tena.

Nanay Pasing, mama yake Preno, alikuwa amesimama dirishani pa tanuri akisubiri mikate laini, ndiyo pekee Eliseo anayoweza kumeza. Akaja, akachukua orodha mapajani mwangu, akaisoma kwa kidole.

— Toto, hii lubag si inapitia kwa mama?

— Inapitia kwa mama, Nanay.

— Humu wanaume kumi na mmoja. Mbona mimi simo?

Muuguzi hakusema wanaume. Alisema watu wa ukoo. Katika kisiwa hiki ugonjwa tumewapa wanaume, lawama tukawapa wanawake, na mimi na shahada yangu niliandika hivyo hivyo.

— Ambot, Nanay, nikasema. Sijui.

Alikuwa ameshakunja mkono wa blauzi.

Preno akanipokonya kalamu. Akaandika majina ya mama yake taratibu, yote matatu. Kisha akauliza bila kumtazama mtu:

— La kwangu nilitie juu au chini?

— Chini, mama akasema. Mimi ndiye niliyekuzaa.