Mama Otilia na Shingo za Mitungi

Tarehe 30 Juni 2003 Mama Otilia Kapinga anastaafu baada ya miaka ishirini na moja ya kazi, tisa ya mwisho akitunza stoo ya mitungi ya upepo ya wazamiaji hapa Mbamba Bay. Nimeombwa niandike mimi kwa kuwa tumekaa naye muda mrefu, na nadhani pia kwa kuwa nimemsumbua kuliko wengine.

Ni mzaliwa wa Ukata, kwenye kahawa, na kuogelea hajui mpaka leo. Alianza kama karani wakati karakana yetu ya boti ikiwa mali ya umma. Ilipouzwa mwaka 1994, tajiri mpya akaingia biashara ya samaki wa mapambo, wanaokamatwa kwa kuzamia, akaleta mitungi ya chuma ya mtumba kutoka nchi nne. Hapo tukachanganyikiwa, na wengine hatujatoka.

Shingo ya mtungi ina nyuzi za kuzungushia koki. Mingine ni ya milimita ishirini na tano, mingine huitwa robo tatu ya inchi. Ukiweka rula, hiyo robo tatu huipati popote, na tundu lake ni kubwa kuliko lile la ishirini na tano! Mama Otilia amenieleza mara nyingi. Huwa naitikia tu.

Mwaka 1996 nilikosea. Kwa kupenda usafi nilikuwa nimeipaka mitungi yote rangi ya njano, mihuri ya vipimo shingoni ikafunikwa. Siku hiyo nikafunga koki ya ishirini na tano kwenye mtungi wa robo tatu. Iliingia kwa mkono, ikicheza kidogo, nami nikaizungushia utepe mweupe kama nilivyowaona mafundi bomba wa misheni. Mzamiaji wetu Ismail alikuwa ameketi kando ya mtungi na chai yake, kompresa ya kujazia upepo inaunguruma.

Mama Otilia akauona utepe, akazima kompresa.

"Baba Valeria, hii umeisoma au umebahatisha?"

Nikasema, si imeingia, Mama.

"Hata kidole kinaingia!"

Ismail akacheka, halafu akahama na kikombe chake. Mama akakwangua rangi kwa kisu, namba zikaonekana. Upepo ungejaa, koki ingeruka kama risasi kifuani kwa Ismail. Nilikwenda nyuma ya stoo nikasali.

Aliikwangua yote sitini na miwili. Mtungi ambao muhuri wake ulikuwa umefutika aliupima nyuzi kwa geji, na usipoeleweka alisema "sijui" na kuuweka pembeni, hata tajiri afoke vipi. Hakuna koki iliyoruka.

Sasa funguo ninazo mimi. Wiki iliyopita Ismail alihitaji mtungi ambao muhuri wake umeliwa na kutu. Nilihangaika na geji asubuhi nzima. Mwishowe nikamwambia, "Ndugu yangu, huu siujui." Hakuzamia siku hiyo. Alinishika mkono, akaenda kwake kula na wanawe.

Asante, Mama Otilia. Mungu akujalie afya na siku nyingi za amani, nawe utuombee, hasa mimi.